Bwana Mfuto, mpimaji wa forodha: mwovu mdogo apewe makali kiasi gani?

BintiWingwi (mwanzisha mada)

Assalaamu alaykum jamani.

Naandika riwaya ya dunia ya kubuni na kuna mtu mmoja ndani yake hanipi usingizi. Si mtu mkubwa. Dhalimu mkuu ninaye tayari, anaitwa Sultani Radi, anakaa kwenye ngome ya mawe ya bahari na hakuna raia aliyewahi kumwona akila wala akinywa. Huyo hana taabu. Taabu yangu ni mtumishi wake wa forodhani, mpimaji, watu wanamwita Bwana Mfuto.

Niwaeleze kidogo dunia yenyewe. Ni visiwa saba, vinaitwa Mafungu. Usiku wa huko hauna mwezi kwa sababu mwezi uliibwa zamani (habari hiyo ni ya kitabu cha pili). Mwanga wote unatoka kwenye mti mmoja, mnururi. Unatoa vitumba vyekundu. Watu wanapanda na ngoe zao, wanachuma mashada, jioni nyumba nzima inakaa chini kuchambua, halafu vitumba vinaanikwa majamvini mpaka vikawe vyeusi. Kikishakauka, ukikivunja ndani ya kibuyu kinatoa mwanga mpaka alfajiri. Aliyekulia Pemba hana haja ya kuambiwa mti huo nimeutoa wapi. Kwetu mikarafuu iko nyuma ya nyumba, na msimu ukifika hata nguo zetu za skuli zilikuwa zinanukia karafuu.

Sheria ya Sultani ni kwamba mavuno yote yapite forodhani, yapimwe kwa pishi, kile chombo cha kupimia, na thuluthi iende ngomeni. Hiyo dhulma kila mtu anaiona. Bwana Mfuto ana ya kwake, ndogo, juu ya ile kubwa. Akipokea kwako anapima pishi ya tele, imefura juu. Akikurudishia haki yako anapitisha kijiti mdomoni mwa pishi kuondoa kilichofura, pishi ya mfuto. Na chini ya pishi yake kuna jini mdogo, kama kidole gumba, amefungwa humo, anakula vitumba kila inapojazwa.

Waliosoma rasimu wamegawika. Mmoja ananiambia huyu ni karani tu, muue sura ya tatu tuendelee na safari. Mwingine anataka nimpe mtoto mgonjwa nyumbani ili tumuonee huruma. Mimi sitaki hili wala lile. Nataka msomaji amuogope Bwana Mfuto kuliko anavyomuogopa Sultani Radi, na amuogope bila ya yeye kuinua sauti hata mara moja. Katika ngano tulizosimuliwa, zimwi linakuja kutoka porini na unalijua kwa kucha zake. Huyu hatoki porini. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwenu.

Kipande chenyewe, Mwanasha, binti wa mwenye shamba, akiwa forodhani na mama yake:

"Karibu mama, karibu. Mkono wa mzee vipi, umepoa?" Bwana Mfuto aliuliza huku akitandika jamvi lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mkono wa baba. Alimimina vitumba taratibu, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye mdomo wa pishi kama mtu anayekinga taa na upepo, na tele ikapanda, ikapanda. "Moja," akasema, akatabasamu. Mama naye akatabasamu. Mwanasha alimtazama mama yake, hakuelewa anatabasamu nini.

Nauliza mambo matatu. Jini namhitaji? Bwana Mfuto ajue kuwa anadhulumu, au awe amejisahaulisha? Na nimpe nini ili asiwe karani tu?

Mtambwe_Shambani

Waalaykum salaam Bi Wingwi. Mimi si mwandishi, ni mkulima, nasoma humu usiku nikishamaliza kazi. Lakini kupunjwa nakujua, na nimefurahi kuona mtu kaliandika.

Jini mwondoe. Mikono ya mpimaji inatosha.

Pishi ni vibaba vinne, haya, vibaba vinne vya nani? Chukua karafuu kavu uzimwage kwa kasi kutoka juu. Zinaanguka ovyo, zinaachiana nafasi, pishi inajaa upesi. Sasa zimimine polepole huku unaitikisa pishi, au unaigonga chini kidogo kidogo kwa namna ya mtu anayeiweka sawa. Zinashuka, zinabanana, na bado kuna nafasi ya konzi nyingine na nyingine. Chombo ni kile kile, karafuu ni zile zile. Kwa hiyo Bwana Mfuto akipokea atikise, akitoa amwage kutoka juu. Hana haja ya pishi mbili wala kiumbe chini yake. Na watu wote wamesimama pale wanaona, ndiyo uchungu wenyewe.

Pili, hilo jamvi umeliandika halafu umeliacha. Anatandika la nini? Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za wapimaji wa zamani, akisema mtu wa kumuogopa ni yule anayekuja na jamvi lake mwenyewe, kwa sababu kinachoanguka jamvini hakirudi kikapuni kwako. Pishi ya tele lazima imwagike pembeni. Ukiwa na mapakacha mengi, jioni jamvi limebeba mavuno ya mti mzima, na hakuna aliyeiba.

Tatu, ukavu. Karafuu mbichi kilo tatu hivi, ukizianika vizuri, unapata kama kilo moja kavu. Basi hapo ndipo penye mlango wa dhulma mkubwa kuliko pishi. Mkulima analeta kavu, mpimaji anasema "bado hizi, zina maji," anamkata. Karafuu iliyokauka sawasawa ukiivunja inalia, tak, haipindi. Mfanye Bwana Mfuto achukue kitumba kimoja, akivunje karibu na sikio lake, asikilize, halafu atikise kichwa kwa masikitiko. Kililia, watu wote wamekisikia. Lakini sikio linalohesabika ni lake peke yake.

Mwenye kitambi, upanga na kicheko kikubwa mpeleke kwa Sultani huko ngomeni. Huyu mwache awe mwembamba, msafi, kanzu yake haina doa. Mtu anayeshinda kwenye vitumba vya watu na hachafuki.

Kijana_Mkunazini

Dada BintiWingwi, hongera kwanza. Tunaosoma hadithi za namna hii tumechoka na misitu yenye theluji, na kisiwa chenye mti wa mwanga na pishi nitakinunua kitabu chake.

Lakini naomba nikupinge kidogo juu ya huruma. Umesema hutaki mtoto mgonjwa, sawa, hiyo ni njia ya mkato. Ila mtu asiyependa kitu chochote duniani hatishi, anakuwa kijiti tu cha kusukumia hadithi. Mpe kitu kimoja anachokipenda kwa dhati. Si lazima kituhurumishe. Awe labda mpenzi wa mchezo wa ng'ombe huko kwenu, au awe na ua lake la asumini analolimwagilia kila magharibi. Msomaji akishamuona anapenda kitu, hawezi tena kujiambia "huyu si kama mimi".

Na kutubu je? Mimi ningempa nafasi ya kutubu, akaikataa mbele ya macho yetu. Bila ya nafasi hiyo hatujui kama ni mwovu au ni mtu aliyezoea kazi.

Juu ya jini sikubaliani na Ami wa Mtambwe. Hii ni dunia ya kubuni. Ukiondoa jini umebaki na hadithi ya soko.

Ng'ambo_ya_Pujini

Mimi nakaa upande wa Chake, na magofu ya Pujini nayaona karibu kila nikipita huko. Ngome ile ni ya karne ya 15, na kila mtoto wa Pemba amesimuliwa habari za Mkama Ndume aliyeijenga. Wazee wanasema aliwabebesha watu mawe wakitambaa kwa makalio, marufuku kusimama, kutoka kwenye mawe mpaka kwenye ukuta. Na kisima chenye ukuta katikati, cha wake zake wawili waliokuwa hawapatani, mmoja akiteremka kwa ngazi na mwingine akishusha ndoo, ili wasionane.

Mkama Ndume anajulikana. Mimi nikisimama pale juu ya boma huwa nafikiria mtu mwingine kabisa. Mfalme hakukaa juani kutwa kuangalia wabeba mawe. Kulikuwa na mtu aliyesimama pembeni ya njia, kazi yake kutazama kama kuna kalio lililonyanyuka kutoka ardhini. Mtu huyo jioni alikwenda nyumbani, akanawa mikono, akala. Pengine aliyekuwa akitambaa ni jirani yake. Masimulizi yametuhifadhia jina la mfalme, wake zake na kisima chao, lakini yule msimamizi hayakumtaja hata kwa jina la utani, na mimi naamini bila ya macho yake ukuta ule usingepanda hata pima moja.

Kwa hiyo usimuue sura ya tatu, wala ya saba. Kwa maoni yangu hata ngome ikianguka na Sultani Radi akifa, Bwana Mfuto asife. Asubuhi yake Mwanasha aende forodhani kwa furaha, amkute ametandika jamvi, ana pishi ile ile, anapima kwa jina la mtawala mpya.

BintiWingwi

Ami wa Mtambwe, Mungu akupe umri. Kile kitumba cha kuvunjwa karibu na sikio nimekiandika usiku ule ule. Nimeandika pia kimya cha watu wote waliosikia.

Kaka wa Mkunazini, la kupenda kitu nalikubali, na nimelipata. Bwana Mfuto anapenda bao. Kila alasiri yuko barazani kwa mzee mmoja, anacheza na watu wale wale aliowapunja asubuhi. Na katika bao hadhulumu kabisa. Kabla ya kuanza anazihesabu kete zote 64 kwa sauti, mbele ya mwenzake, moja moja. Kete ikiteleza kwenye shimo lisilo lake anairudisha kabla hujasema. Akifungwa anampa mkono aliyemfunga na kumsifu kwa wapita njia. Nataka msomaji ajue kwamba mtu huyu uadilifu anaujua. Anajua ladha yake, anaufurahia, na ameamua mahali pa kuutumia. Hilo linanitisha mimi mwenyewe kuliko jini.

La jini bado nashikana nalo. Sitaki kulitupa kwa sababu mbili: nampenda yule kiumbe, na kuna watu visiwani Mafungu wanaohitaji kuamini kuwa ni jini linalokula.

Ndugu wa Pujini, umenipa mwisho wa kitabu na sijui nikushukuru vipi. Kalio lililonyanyuka! Nimesikia hadithi ile tangu mdogo na sikuwahi kumtazama yule aliyekuwa akitazama.

MwalimuWaChuo

Assalaamu alaykum. Nafundisha watoto katika chuo cha Qur'ani na nimeusoma uzi huu kwa makini, maana jambo mnalozungumza lina sura yake nzima katika Qur'ani, sura ya 83, Al-Mutaffifin, nayo inaanza na hao hao: wakipokea kwa watu wanataka kipimo kitimie, wakiwapimia watu wanapunguza. Ole inawaangukia wao tangu aya ya kwanza.

Watoto wetu wanaihifadhi sura hii wakiwa wadogo. Ninapowafasiria, kila mwaka mtoto mmoja anauliza: ni wafanyabiashara hao? Nawaambia aya haikumtaja mfanyabiashara, wala mfalme. Imemtaja mtu aliyeshika kipimo. Basi naomba nikuulize, Bi BintiWingwi, kwa heshima: katika kijiji cha Mwanasha, pishi ziko ngapi?

Nauliza kwa sababu wachumaji hawapandi mti wa mtu bure. Wachumaji hulipwa kwa walichochuma, na hicho hupimwa nyumbani kwa mwenye shamba kabla hakijafika forodhani. Kuna pishi imetundikwa ukutani kwa baba yake Mwanasha. Anaijaza vipi? Mchumaji, pengine mjane kutoka kisiwa cha pili aliyekuja na watoto wake kwa msimu, anapimiwa tele au mfuto?

Mimi nadhani Bwana Mfuto anajua jibu la kila nyumba. Ndiyo maana mama alitabasamu.

Mtambwe_Shambani

Mwalimu, hapo umetugusa wengi.

BintiWingwi

Mwalimu, nimeusoma ujumbe wako nikafunga simu, nikaenda kukaa nje. Nilikuwa sijui kwa nini mama anatabasamu. Niliandika tu, mkono ukaenda.

Sasa najua, na sura nzima imegeuka. Nyumbani kwa kina Mwanasha kuna pishi ya mbao, ya urithi, ina mdomo mpana kuliko kawaida. Baba yake anapima kwayo vitumba vya wachumaji, na huitikisa. Mwanasha ameiona tangu utotoni na anadhani ndivyo pishi zinavyojazwa. Bwana Mfuto hamtishi mtu kwa jela wala kwa askari wa Sultani. Anauliza tu habari za nyumbani. Anauliza mkono wa mzee, ule wa kutikisia. Anauliza wachumaji wa mwaka huu wametoka wapi, wanalala wapi, wameridhika? Kila mwenye shamba anayesimama mbele yake ana pishi yake ukutani, na hakuna awezaye kupaza sauti "umenipunja" bila ya kusikia sauti hiyo ikirudi kutoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kwa wachumaji. Amewafunga kwa dhulma zao wenyewe. Sultani Radi na radi zake zote hana kamba ya namna hiyo.

Na jini nimempatia mahali, nadhani Kaka wa Mkunazini utaridhika. Jini yumo ndani ya pishi ya kila nyumba. Anazaliwa siku ya kwanza mwenye nyumba anapoitikisa. Wa nyumbani ni wadogo, hawaonekani, wanakula kitumba kimoja viwili. Wa Bwana Mfuto ni mkubwa kwa sababu amelishwa miaka mingi.

Nimeandika upya ule mkutano wa forodhani, sehemu tu:

"Hizi bado, mwanangu," Bwana Mfuto alisema, nusu mbili za kitumba zikiwa kiganjani mwake.
"Kimelia," akasema Mwanasha. "Nimekisikia. Na wewe umekisikia."
Watu waliacha kuzungumza. Mpimaji hakukasirika. Aliziweka nusu mbili jamvini, akaipangusa mikono yake. "Una masikio mazuri. Yule mama wa Kisiwa cha Tatu aliyewachumia mwaka jana, yule mwenye pacha, unakumbuka pishi yake ya mwisho baba yako aliigonga chini mara ngapi? Wewe ulikuwepo. Masikio yako yalisikia."
Mwanasha alifungua mdomo. Alikumbuka.

Swali lililobaki ni hili. Mwanasha afanye nini baada ya hapo? Akinyamaza kama mama yake, hadithi imekwisha. Akipiga kelele, Bwana Mfuto ameshamjibu.

Kijana_Mkunazini

Nimeridhika na jini, dada. Wa kila nyumba, huyo hata mimi sikumfikiria.

Mwanasha arudi nyumbani usiku ule ule, aichukue pishi ya urithi, aende nayo mpaka kwa yule mama mwenye pacha. Safari ya kitabu iwe hiyo, kuvuka bahari isiyo na mwezi kwenda kulipa deni la vitumba vichache. Ngome ya Sultani iwe njiani tu.

Ng'ambo_ya_Pujini

Naunga mkono, ila baba asimruhusu. Baba ndiye awe kikwazo cha kwanza, na awe mtu mwema, anayempenda binti yake. Hapo utapata mwovu mwingine mdogo bila ya kumuumba.

Mtambwe_Shambani

Jambo moja la ufundi, Bi Wingwi. Akienda kulipa, asilipe kwa pishi ile ya urithi. Yule mama hataiamini, na haki yake kutoiamini. Amwache yeye alete chombo chake, kibuyu au kikombe, na yeye mwenyewe amimine. Mwanasha ashike kikapu tu, mbali. Na jamvi watandike la yule mama.